Mtamba wa Barthélemy

Mimi si mtu mpole, na nalisema mapema ili baadaye asije mtu kujifanya ameshangaa. Shamba la ng'ombe wa maziwa haliendeshwi kwa upole. Ng'ombe asiyeshika mimba mara tatu anauzwa kwa wachinjaji, hata kama ulimpa jina na ulimkuna shingo. Ndama dume anaondoka akiwa na wiki mbili. Kila Jumatatu nakaa na daftari langu na kujiuliza nani anakula zaidi ya anachotoa. Baba alinifundisha kazi hiyo, na alipokufa aliniachia shamba mimi Christiane, si kaka zangu, kwa sababu kaka zangu wanajua nyama tu.

Tuko kilomita kumi na moja kutoka Likasi, barabara ya Kapolowe, pale malori ya madini yanapopunguza mwendo kwa ajili ya daraja bovu. Tuna ng'ombe kumi na sita wa kukamua, wengine wanane wanaosubiri kuzaa, na dume mmoja mvivu. Wakamuaji ni wawili: Urbain, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, na mzee Barthélemy, ambaye alinibeba mgongoni nikiwa na surua.

Baba aliniachia pia ahadi yake, na kwa ahadi hiyo simshukuru hata kidogo. Siku moja ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, mbele ya watu waliokuja kula, alisimama akamwambia Barthélemy, "Siku utamaliza miaka makumi tatu kwangu, utachagua mutamba moja, yoyote, na hakuna mutoto wangu atasema kintu." Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nilikuwa na njaa.

Barthélemy alichagua mapema. Bijou, ng'ombe wetu bora kuliko wote, alizaa jike, na mtoto huyo alipokuwa na wiki mbili tu, miguu bado inayumba, mzee aliweka mkono kichwani pake akasema, "Njo huyu, ninachagua huyu." Akamwita Sifa. Tulicheka, kwa maana ndama mdogo namna ile anaweza kufa kesho. Sifa hakufa. Alikua, akashika mimba mara ya kwanza alipopandwa, na mwaka ule ninaousimulia alitazamiwa kuzaa Septemba. Miaka thelathini ya Barthélemy ilikuwa inatimia tarehe kumi na tano Agosti. Yeye na mke wake Rosalie walikuwa wameshapanga kila kitu: wangemchukua Sifa mpaka Kapolowe, kwenye kishamba cha ukoo wa Rosalie, na wangezeeka kwa maziwa yake. Hawakuwa na kitu kingine cha kuzeekea. Nilijua hivyo vizuri sana.

Lakini kwenye daftari langu, katika ukurasa wa Septemba, nilikuwa nimeshaandika lita kumi na tano za Sifa kila siku.

Mwezi wa tano kiangazi kilipoanza, mwenye lori aliyekuwa anatuletea machicha ya kiwanda cha bia alipandisha bei ya safari. Nikayakata machicha. Ng'ombe wakabaki na majani makavu, mabua ya mahindi, na pumba kidogo jioni. Barthélemy alinifuata mpaka mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Christiane, bangombe banakula majani ya kukauka tu. Maziwa itakuwa nyepesi. Wakati ya baba yako, tulifanyaka hivi mwaka moja, na bantu balilalamika."

"Baba Barthélemy, weye nakulipa kukamua ao nakulipa kufikiri?"

"Kukamua, Mama."

"Basi enda ukamue."

Aliondoka. Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Kuna raha fulani katika kumnyamazisha mtu aliyekuona ukiwa mtoto.

Wiki tatu baadaye Georgette alikuja mwenyewe kwa pikipiki. Georgette anatengeneza yaourt, maziwa ya mgando, na kuiuza kwenye vifuko sokoni Likasi, na anachukua zaidi ya nusu ya maziwa yetu kila siku. Akinikimbia yeye, nafunga. Hakukubali hata kiti.

"Mama Christiane, yaourt yangu haishike tena. Inatembea. Bantu banasema ninabauzishia mayi ya muchele. Kule kwako, kuko muntu anatia mayi mu maziwa. Umutafute, ao minye natafuta fasi ingine."

Ningeweza kumwambia kwamba nimekata machicha. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini kumwambia mteja kwamba ng'ombe wako wana njaa ni kujivua nguo mbele yake. Nikamwambia nitamtafuta huyo mtu.

Nilikwenda Lubumbashi, kwenye duka la dawa za mifugo, nikanunua pèse-lait. Ni kifaa cha kioo chenye tumbo zito chini na shingo nyembamba juu, na shingoni kuna namba. Unajaza maziwa kwenye bomba refu la kupimia, unakiachia kifaa kielee, unasoma namba pale maziwa yanapokomea. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi iliyokunjwa. Niliisoma nikiwa bado ndani ya basi: ishirini na nane kwenda juu, maziwa safi, chini ya hapo, yana maji. Nilitosheka na hayo. Karatasi ilikuwa na upande wa pili, lakini sikuigeuza.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu asubuhi nilisimama kwenye lango la zizi na meza ndogo. Ilikuwa Juni, baridi ya Likasi ile inayouma masikio. Barthélemy siku zote humaliza wa kwanza, mikono yake ilikuwa bado na kasi kuliko ya kijana. Kawaida yake ni kuupeleka mkebe wake moja kwa moja kwenye birika la saruji, lenye maji ya kisima, ili maziwa yapoe. Nilimzuia njiani.

"Leta hapa kwanza."

Alimimina. Mvuke ulipanda kutoka kwenye bomba. Kifaa kilizama, kikatulia kwenye ishirini na tano.

Nilisoma kwa sauti, watu wote waliokuwa pale wakasikia. Kisha nikaenda kunywa chai, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Niliporudi, Urbain alikuwa amemaliza na mikebe yake ilikuwa inasubiri ndani ya birika, kama mzee alivyomfundisha. Nilipima ya Urbain. Ishirini na tisa.

Nilifanya hivyo siku tatu mfululizo. Siku tatu, ishirini na tano kwa mzee, ishirini na tisa kwa kijana. Siku ya tatu niliwaalika Georgette na Mama Philomène, mkuu wa shirika letu. Shirika ni zile familia za mtaa mmoja zinazosali pamoja kila Alhamisi, na jambo likifika kwenye shirika limefika kwa kila mtu.

Barthélemy alitazama ile namba. Hajui kusoma sana, lakini namba anazijua.

"Mama, minye sikutia mayi. Ata siku moja."

"Kioo kinasema."

"Kioo haikukamua. Kuja unione nikikamua. Wote mukuje. Muchukue ndoo yenu, muioshe benyewe, muipanguse. Nitakamua mbele ya macho yenu."

Ndivyo tulivyofanya. Niliosha ndoo, nikaikausha kwa kanga yangu. Mama Philomène alikagua mikono ya mzee mpaka kwenye viwiko. Tulimzunguka watu wanne, akakaa kwenye kigoda chake, akamkamua Bijou. Hakuna tone la maji lililoingia pale, naapa mbele ya Mungu ambaye nitakutana naye. Ndoo ilipojaa nilichota hapohapo, maziwa yakiwa na joto la tumbo la ng'ombe, nikaachia kifaa.

Ishirini na tano.

Hapo mtu mwenye haki angesimama. Angesema, hiki kifaa kina kasoro, ama mimi nina kasoro. Wazo hilo lilinijia, lilisimama mbele yangu waziwazi, na nililifukuza kwa sababu nyuma ya Barthélemy, upande wa pili wa uzio, Sifa alikuwa amesimama na tumbo lake, anatafuna.

"Unaona?" nikasema. "Ata mbele yetu."

"Kwa dawa gani?" Georgette aliuliza, na akarudi nyuma hatua moja.

Barthélemy alikuwa bado kwenye kigoda. Aliangalia ile ndoo, kisha akaigeuza mikono yake akaangalia viganja. Sura yake ilinichoma kidogo. Alikuwa mtu anayejiuliza kama kweli kuna kitu ndani ya mikono yake ambacho yeye mwenyewe hakijui.

Nilimwita pembeni, kwenye banda la pumba. Nilimwambia kwa sauti ya chini, karibu ya upole. "Baba Barthélemy, weye umenilea. Sitaki kukupeleka kwa polisi. Itika tu mbele ya Mama Philomène kama ulitia mayi. Useme ni shetani, useme ni umasikini, bantu batasikia. Ukiitika, Sifa inabaki yako. Ukikatala, unapoteza kila kintu."

"Lakini sikufanya, Mama."

"Angalia, muntu wa miaka yako. Rosalie atalala wapi?"

Kuku waliingia wakatoka. Mwishowe akasema, "Sifa inabaki yangu?"

"Nimesema."

Basi aliitika. Alitoka akasimama mbele ya watu wanne na kusema alitia maji kwenye maziwa, alikuwa akiyauza yale aliyobakiza, na Mungu amsamehe. Alisema vibaya, maneno yanagongana, kwa kuwa hakuwa na mazoezi ya kusema uongo. Urbain, ambaye mzee alimfundisha kazi tangu kushika chuchu, alikuwa analia waziwazi.

Siku hiyohiyo nilimfukuza. Aliniuliza kuhusu mtamba. Nikamwambia Baba alimwahidi mfanyakazi mwaminifu wa miaka thelathini, na yeye si mwaminifu, tena miaka haijatimia, zimebaki wiki saba. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo tangu asubuhi.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Lakini ulisema, Mama." Alisema mara mbili. Kisha akaenda kumsaidia Rosalie kufunga vyombo, kwa sababu nyumba waliyokaa ilikuwa ya shamba. Walipanga chumba kimoja karibu na shule, nusu saa kwa miguu kutoka kwangu. Kapolowe hawakwenda. Uende Kapolowe na nini?

Wiki ileile nilirudisha machicha. Kwa mshahara wa Barthélemy nililipa lori. Siku kumi baadaye yaourt ya Georgette ilishika, ikawa nzito, kijiko kinasimama, na Georgette alitangaza soko zima kwamba mwizi ameondoka na maziwa yamerudi. Sikumsahihisha.

Yale mengine niliyajua katikati ya Julai, na niliyajua kwa uvivu tu. Nilikuwa nimepima maziwa ya Bijou, sasa yanakamuliwa na Urbain, na nilikuwa na haraka kwa hiyo niliyapima yakiwa ya moto, langoni. Ishirini na tano na nusu. Nilitaka kumpigia Urbain kelele, lakini simu ikalia, nikaacha kila kitu mezani, bomba na kifaa ndani yake. Nilirudi saa nne. Kifaa kilikuwa kimepanda. Shingo yake ilikuwa imetoka nje zaidi, na namba ilikuwa ishirini na tisa na nusu. Maziwa yaleyale. Hakuna aliyeyagusa, ila baridi.

Nilikwenda ndani nikatafuta boksi. Karatasi ilikuwa bado imo. Niligeuza upande wa pili. Kilikuwa Kifaransa cha kawaida kabisa, mtoto wa darasa la sita angeelewa: pima maziwa yakiwa na digrii kumi na tano, yakiwa ya moto, namba inashuka, hapa kuna jedwali la kusahihisha. Nilifuata jedwali kwa kidole. Barthélemy hakuwa ametia hata kijiko.

Nilikaa kitandani. Niliona aibu, aibu halisi, ile inayopanda mpaka masikioni. Nilisema peke yangu, kesho asubuhi nakwenda kwake. Kesho nikasema, Jumapili baada ya misa. Jumapili nilimwona kanisani kwa mbali, amekaa kiti cha nyuma, na wakati wa komunyo hakusimama. Nikafanya hesabu ya mambo ambayo ningelazimika kurudisha: mtamba, nyumba, mshahara, jina lake, na jina langu mbele ya Georgette. Niliichoma karatasi jikoni. Nikamwambia Urbain kwamba kuanzia sasa maziwa yote yapoe ndani ya birika kwanza, ndiyo yapimwe. Hakuuliza kwa nini. Watu wangu hawaulizi tena.

Sifa alizaa Septemba, jike, bila shida. Si lita kumi na tano, ni kumi na saba.

Oktoba, Mama Philomène alikuja kuniambia kwamba Rosalie ni mgonjwa, tumbo limevimba, na hospitali wamemrudisha nyumbani. Rosalie alikuwa anataka kitu kimoja: shirika liende kusali na kuimba kitandani pake, kama linavyowaendea wagonjwa wengine wote. Lakini shirika lilikuwa halikanyagi kwa Barthélemy, kwa sababu aliungama wizi mbele ya watu na hakuwahi kuja kwa aliyeibiwa kuomba msamaha. Ndiyo desturi yetu. Anayekosa anakwenda na kitu mkononi, anapiga magoti kwa aliyekosewa, shirika likishuhudia. Akisamehewa, mlango unafunguka.

"Alikatala miezi tatu," Mama Philomène alisema. "Sasa ameitika, juu ya bibi yake. Tutakuja naye Alhamisi, Mama. Usiwe na roho ngumu."

Walikuja Alhamisi saa kumi, watu kumi na wawili hivi, na Barthélemy katikati na kuku mweupe kwapani. Alikuwa amekonda, shati la kanisani linamning'inia. Niliwapangia viti uani, karibu na birika. Kukamua kwa jioni kulikuwa kumekwisha na Sifa alikuwa amefungwa kwenye nguzo na ndama wake. Barthélemy hakumtazama. Nadhani alikuwa amejikataza.

Alipiga magoti kwenye changarawe. Akaweka kuku mbele yangu, miguu imefungwa.

"Mama Christiane," alianza, "minye Barthélemy, nimekuja juu ya maziwa ile..."

Wakati huo Urbain alipita na mikebe miwili, akaishusha ndani ya birika, akafunika. Alipomwona mzee wake amepiga magoti aligeuza uso. Mama Philomène, ambaye hawezi kukaa na kimya hata sekunde tano, akamuuliza, "Ile pèse-lait iko wapi? Unapima saa hii?"

"Bado, Mama," Urbain akajibu. "Ikiwa ya moto, Mama Christiane alikatazaka. Moto inadanganya, namba inashuka. Inapaswa ipoe kwanza, njo tunapima."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kazi yake. Kisha akaenda zake.

Barthélemy aliacha kusema. Mtu aliyekamua miaka thelathini haelezwi jambo mara mbili. Niliona macho yake yakienda kwenye birika, yakirudi kwenye lango, pale ilipokuwa meza yangu ndogo, kisha yakaja usoni kwangu na kukaa. Nilijua anajua. Yeye alijua kwamba mimi ninajua, na tangu lini. Kati ya watu wote waliokaa pale hakuna mwingine aliyeelewa kitu. Walidhani mzee amesahau maneno.

Nilingoja aseme. Angesema pale, mbele ya Mama Philomène, ningekuwa nimekwisha. Lakini angesema, ugomvi ungeanza, maneno yangekwenda wiki na wiki, wengine wangemwamini na wengine la, na Rosalie hakuwa na wiki.

"Endelea, Baba," Mama Philomène akamhimiza. "Bibi anangojea."

"Nimekuja juu ya maziwa ile," akarudia, na bado ananitazama, "yenye minye nilitiaka mayi. Ninaomba unisamehe."

Kila mtu akanigeukia. Bado kulikuwa na nafasi. Ningeweza kuinama, nikamshika mkono, nikamwinua. Nilimtazama Sifa, nikaona kiwele chake kilivyo, hata baada ya kukamuliwa.

"Nimekusamehe," nikasema.

Shirika likapiga makofi. Mama Philomène akafuta machozi na kusema, "Baba Barthélemy, umushukuru."

Alichelewa. Magoti yalikuwa yanamuuma, nadhani, na changarawe yetu ni kali. Akasema, "Asante, Mama." Wakamwinua wakiimba, wakatoka naye hivyohivyo wakiimba, moja kwa moja kwenda kwa Rosalie, na mimi nilikwenda nao mpaka langoni, ninaimba sauti ya pili.

Rosalie alikufa Jumanne. Kuku yule anataga vizuri. Bado ninaye.